Meli Isiyo na Lifti

...hii ndogo, nimesema hii ndogo, mara ya tatu sasa nasema, na huyu binti wa ofisi ya safari, huyu mwenye miwani ya kamba shingoni, bado ananitazama kama mtu aliyeingia dukani akaomba ndizi zilizooza, “Kaka, una uhakika lakini? Maana kwa bei hiyohiyo, wiki hiyohiyo, nina nafasi kwenye ile kubwa mpya, mabwawa mawili, sinema, watoto wana ghorofa yao nzima,” na mimi natikisa kichwa kwa madaha, hapana dada yangu, ile kubwa ni soko, watu elfu tatu, mtapoteana hata nanga haijang'olewa, sisi tunataka kitu kidogo, cha zamani, cha kifamilia, chenye mbao, mbao halisi... na maneno haya nimeyasema sana wiki hizi, nimeyasema jikoni kwa mke wangu, nimeyasema kwenye simu kwa shemeji, mpaka imebaki kidogo niyaamini mwenyewe, mbao halisi, kana kwamba mimi ni mtu wa mbao, mimi fundi wa lifti, miaka kumi na tisa ndani ya mashimo ya lifti na grisi mpaka kwenye viwiko, mbao nazijulia wapi mimi. Mama amekaa kulia kwangu, mkoba mapajani, fimbo yake ameitundika kwenye ukingo wa meza na kila baada ya dakika inaanguka, tko, anainama taratibu, anaiokota, anaitundika palepale, na mimi simwambii ailaze chini, namwacha tu, tko, namwacha... “Na mimi nikaione hiyo meli,” alisema asubuhi, tayari ameshavaa viatu vyake vya kutokea, Mama, ni ofisi tu, meli haipo pale, “Basi hata picha yake,” akasema, na sikumkatalia, tena haraka nilimfungulia mlango wa gari, mke wangu akaniona akatabasamu, akadhani ni mapenzi.

Mapenzi... Mimi nilitaka aje. Nilitaka awe hapa, kwenye kiti hikihiki, asikie kwa masikio yake, kwenye mdomo wa mtu baki, si mdomo wangu. Maana najua. Toka wiki tatu zilizopita najua, kile kijitabu cha meli kilipokuwa mezani watoto wanagombania kuona mabwawa, mimi nikakifungua ukurasa wa mwisho kwenye ule mchoro mdogo ambao hakuna anayeuangalia, ramani ya meli kwa ndani, na mimi michoro ndiyo mkate wangu, ile kubwa nilihesabu lifti kumi kamili, na hii ndogo, hii kongwe, nikaitafuta mbele, nikaitafuta nyuma, hakuna hata moja, ni ngazi tupu, nyembamba, vyumba juu, kula chini, kuota jua juu kabisa, ngazi, ngazi, ngazi, na moyo wangu, hapa ndipo penye aibu yenyewe, moyo wangu ulikuwa mwepesi. Sikushtuka. Nilifurahi. Nikaweka kidole pale nikasema hii, tuchukue hii, na mke wangu akauliza, “Umeangalia kama itamfaa Mama?” kwa sababu mambo ya kupanda na kushuka mimi ndiye naulizwa nyumba nzima, nikasema nimeangalia. Wala si uongo. Niliangalia, tena vizuri. Na leo mambo yalikuwa yaende hivi, huyu binti atasema haina lifti, ni lazima aseme, ni kazi yake, mimi nitashika paji la uso, lo! kumbe haina lifti? niliijaribu hiyo kwenye kioo cha gari, lo, kumbe, na Mama, kwa alivyo, atasema mwenyewe, basi nendeni nyinyi wanangu, mimi nitakaa kwa dada yenu, na sisi tutasikitika, mke wangu atasikitika sana, na mimi nitakuwa sijasema kitu, sijamkataza mtu kitu, ni meli ndiyo iliyokataa.

...“chumba cha dirisha au cha ndani?” anauliza, dirisha, nasema, dirisha, na Mama anadakia, “Mimi popote, hata stoo,” wanacheka wote wawili, tayari wameshazoeana, Mama anazoeana na watu kabla hawajamaliza kukaa, hotelini pia ilikuwa hivyo, mwaka jana, siku ya kwanza alishajua mhudumu ana watoto wangapi... sitaki hotelini, sitaki kufika hotelini, lakini nimeshafika, chumba cha kulia, asubuhi, vitambaa vyeupe, shemeji na mkewe meza moja na sisi, shemeji ambaye hata yai analila kwa kisu na uma, na Mama ameshaweka mikate mitatu kwenye leso na kuitia mkobani, ya njiani, nimejifanya sijaona, halafu akasimama, na kiti kilikuwa kimelowa. Kiti, na gauni nyuma, na zulia lile la rangi ya maziwa, tone, tone, watu wa meza ya pili wakavuta miguu yao. Mhudumu akaja kwangu, kijana wa heshima, akainama sikioni, “Samahani bwana, yule mama ni wenu?” Ni swali dogo. Mtoto wa chekechea angelijibu. Na mimi nikasema, yule? Hapana... tuko naye tu. Tuko naye tu! Maana yake nini hata, tuko naye tu, kama mzigo wa mtu tumeombwa tuufikishe... na Mama alisikia, magoti yake ndiyo mabovu, masikio anayo kama ya paka, alisimama pale na mkoba ameukinga mbele ya gauni, akanitazama kidogo, wala si kwa ukali, akamgeukia mhudumu akamwambia kwa sauti nyepesi kabisa, “Mimi jirani yao tu, mwanangu, hebu nionyeshe msalani.” Jirani. Akaondoka naye, polepole, amemshika mkono kijana wa watu, na mimi nikakaa. Nikakaa nikakata yai. Nikalila lote. Na kwenye gari, safari nzima ya kurudi, alikuwa anawamenyea watoto machungwa na kuniuliza kama jua linanipiga machoni, na hajawahi kulisema neno hilo tena, wala mimi, mwaka mzima, na ndiyo sababu, kama kuna mtu anataka sababu, ndiyo sababu simtaki kwenye meli, si kwa kuwa atalowesha kiti, ni kwa kuwa akilowesha kiti tutajua wote wawili mimi nitasema nini.

“Ila kuna jambo moja lazima niwaeleze,” anasema binti, anavua miwani, haya, ndiyo hiyo inakuja, “hasa kwa kuwa mna mtu mzima, meli hii ni ya zamani kweli, sasa...” na mimi nasema lo! kumbe haina lifti! na papo hapo nasikia nimewahi, hajafika kwenye lifti, hajalitaja neno, nimeitikia wimbo kabla haujaimbwa, njia ya mwongo fupi, binti ananitazama, “Ndiyo... haina,” anasema, na Mama anasema, “Najua.” Najua? “Najua haina,” anasema Mama, na anafungua mkoba, anatoa kitambaa, anatoa dawa za presha, anatoa kijitabu kimekunjwa mara nne, kilekile, kile kilichopotea mezani nikawagombeza watoto, anakilaza mezani na kukipapasa kwa kiganja, “Ngazi kumi na tano, halafu kuna pa kusimama, halafu kumi na tano. Nilipiga simu hapa kuuliza, sijui nani alipokea,” na binti anapiga kofi, “Eh! Kumbe ni wewe bibi! Umenihangaisha wewe! Bosi mwenyewe alikuwa hajui, ikabidi tuwaandikie wenye meli watuhesabie!” wanacheka, na Mama anasema, “Sasa kwa huyu mwanangu ziko kumi na mbili. Nazipanda mara tatu kila siku wakishatoka. Zamani nilikuwa nasimama ya tano, sasa nafika ya tisa bila kushika ukuta,” na binti anasema hongera bibi, hongera sana, na mimi namwona... nilirudi mchana siku moja kuchukua bisibisi niliyoisahau, nikamkuta amekaa katikati ya ngazi za nyumbani, fimbo magotini, jasho linamtoka mpaka shingoni, Mama, unafanya nini hapo? “Nafuta vumbi,” akasema, na hakuwa na kitambaa mkononi, na chumba chake kiko chini, huko juu hana kitu chochote, sufuria wala kandambili, na sikuuliza. Nilimruka. Kweli, nilinyanyua mguu nikamruka nikapita, nikiwa na hasira kwamba amenizibia njia, nikachukua bisibisi, nikamruka tena.

“Lakini bibi,” anasema huyu binti, Mungu amsamehe, “kwa nini mjitese? Si mchukue ile yenye lifti tu?” Mashine ya kuchapa kule nyuma inatema karatasi, mtu kwenye benchi anakohoa, mimi naangalia kikombe cha kalamu, kalamu tano, moja haina kifuniko, na ninatafuta zile mbao, mbao halisi, siioni hata moja, na Mama anasema, “Aa, huyu? Huyu ni fundi wa lifti, hujui? Mwaka mzima lifti. Simu ikilia, lifti, kijiko kiko mdomoni anaitwa, watu wamekwama. Sasa mtu kama huyo umpeleke likizo kwenye lifti kumi, si atashinda anazikagua? Mwache mwenzio apumzike,” na binti anacheka, na mimi nacheka, ndiyo, nacheka, nacheka na mabega kabisa, na katikati ya kicheko naisikia ile sauti. Nyepesi. Ileile. Mimi jirani yao tu, mwanangu. Na lifti kumi. Amesema kumi. Nani kamwambia ni kumi? Kijitabu hakisemi popote, kijitabu kinasema mabwawa na sinema, ukitaka kujua ni kumi ni mpaka uhesabu kwenye mchoro, vile viboksi vyenye mistari miwili iliyokatana, na hakuna mtu anayevijua vile isipokuwa fundi... isipokuwa fundi na mtu mmoja. Ghorofa ya nne, chumba chetu kimoja, mimi mwanafunzi wa ufundi nimetandaza michoro ya chuo juu ya kitanda chake kwa kuwa meza hatukuwa nayo, yeye amepanda na ndoo mbili kutoka bombani, amezitua, anahema, anajifuta mikono asiichafue karatasi, “Na hiki nini?” hiyo ndiyo lifti, Mama, ukiona kiboksi kina mkasi ndani, ujue hapo pana lifti, “Kiboksi chenye mkasi,” akasema, akaanza kuvitafuta kwa kidole, hiki hapa, hiki hapa, anafurahi kama mtoto, na mimi nikamwambia siku moja, Mama, wewe hutapanda ngazi tena maishani. Nilisema hivyo. Na wiki tatu hizi nilimsahau kabisa kwenye hesabu, nikadhani mchoro naujua peke yangu, kumbe alikichukua kile kijitabu, akavaa miwani yake, akatafuta viboksi vyenye mkasi kwenye meli niliyoichagua mimi, mbele, nyuma, kama nilivyotafuta mimi, hakuona, akajua nimeona. Akajua siku ileile. Na hakusema kitu, alisubiri tutoke, akashika ukuta, akaanza kupanda.

Ee Mungu wangu, kwa nini hakunitukana tu... Sema sasa, sema dada fungua ile kubwa, ni maneno manne, lakini nikiyasema nitakuwa nimesema yote, mbele ya huyu binti, na nisipoyasema Mama atapanda, ngazi kumi na tano, kumi na tano tena, kwa kifungua kinywa, kwa chakula cha mchana, kwa cha jioni, atapanda mpaka moyo umtoke kinywani na atasema ni nzuri meli hii, mwanangu ana macho... “Haya, basi niwaandike,” anasema binti, amerudisha miwani, “wewe, mke, watoto wawili, na bibi. Bibi ni nani kwako? Fomu inataka uhusiano.” Ni swali dogo. Na pembeni yangu nasikia Mama anavuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayetaka kujibu, atanijibia, Mungu wangu anataka kunijibia tena, na nasema mama yangu. Sauti haitoki. “Umesema? Samahani kaka, hii mashine...” Mama yangu! Mama yangu mzazi! Nimepiga kelele, watu wa benchi wamegeuka wote, yule wa kukohoa ameacha kukohoa, na uso unaniwaka, na mkono wa Mama umekuja juu ya goti langu, mkavu, mwepesi, unalipigapiga kama mtu anayemtuliza mbwa.

“Taratibu, jirani,” ananiambia, chini kwa chini, mimi tu ndiye nimesikia. “Tumesikia.”

Na binti bado kidole kiko juu ya kitufe, anasubiri, “Kwa hiyo ni hii ndogo?” na mimi nimeinama chini ya meza, naipapasa sakafu kwa mikono miwili, natafuta fimbo ya Mama, ambayo wala haijaanguka.