Simu Iliyofutwa

Moto ulipozimwa, watu wanne walikutwa wamelundikana kwenye mlango wa nyuma wa stoo ya rangi. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Wajane na wazazi wa marehemu wakafungua kesi, na kiwanda kizima kikaanza kutembea kwa kunyata kama nyumba yenye mgonjwa.

Fundi wa kompyuta wa kiwanda alikuwa mwanamke aliyezoea kukumbukwa pale tu printa ilipogoma. Safari hii aliitwa ghorofani. Wakili wa kiwanda, mama wa makamo asiye na maneno mengi, hakumkaribisha hata kiti.

"Kuanzia sasa hakifutwi kitu," alisema. "Barua pepe, picha za kamera, ujumbe wa simu, hata vichekesho watu wanavyotumiana. Ule mpango unaofuta barua za zamani wenyewe, uuzime leo. Tunahifadhi kwanza. Kipi kinatuuma na kipi kinatusaidia, tutajua baadaye."

"Na simu za wasimamizi?"

"Uzichukue mikononi mwao, uzinakili nzima nzima, uandike nani kakupa na lini. Usimwachie mtu akuchagulie. Mtu akianza kujichagulia, tumekwisha."

Fundi akauzima ule mpango, akanakili barua, kisha akawapitia wasimamizi mmoja mmoja. Walinung'unika, wakatoa. Ikabaki simu moja, ya kaka yake.

Kaka ndiye aliyekuwa msimamizi wa stoo. Ndiye aliyemlea fundi huyu baada ya baba yao kufariki, na ndiye aliyemtafutia kazi pale kiwandani. Tangu moto ule alikuwa amekonda, shati likimning'inia kama limeanikwa. Dada yake alimkuta amekaa peke yake, simu kaikumbatia kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu, niachie mpaka kesho."

"Kaka, nimeambiwa leo."

"Humo mna mambo yangu na wifi yako. Unataka mawakili wakae wayasome wakicheka?"

Alijua si mambo ya wifi. Mtu anayeficha ugomvi wa nyumbani haikumbatii simu namna ile. Alichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono tu. Lakini mkono haukunyooka.

"Kesho asubuhi basi," alisema. "Usiniangushe."

Asubuhi simu ikaja nyeupe kama sahani iliyorambwa. Kaka akadai ilikorofisha, akairudisha ilivyotoka dukani. Dada mtu akanakili ule utupu, akaandika siku aliyoipokea, na kuhusu kuiacha kwa kaka usiku mzima hakuandika kitu.

Kesi ikafika mahakamani. Mjane mmoja akasimama na simu ya mumewe. Siku ya moto marehemu aliisahau nyumbani ikiwa kwenye chaji, ndiyo maana ilipona. Ndani yake, kwenye kundi la wafanyakazi wa stoo, kulikuwa na ujumbe wa msimamizi: "Mlango wa nyuma ubaki na kufuli. Atakayeufungua atafute kazi kwingine."

Jaji aliposimamisha kesi kwa mapumziko, kaka akamvuta dadake kwenye korido.

"Sikujitungia mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mkurugenzi. Nilimwandikia zaidi ya mara moja, nikamwomba tuufungue. Nikamwambia, watu wakiungua tutawajibu nini wake zao? Akanijibu, funga, wanaiba rangi."

"Maneno hayo yako wapi?"





"Yalikuwa humo humo. Mimi niliogopa ule ujumbe wa kundi. Nikaona heri yaondoke yote."

Dada akaegemea ukuta. Simu ya mkurugenzi iliripotiwa kuibiwa siku chache baada ya moto, kabla amri ya kuhifadhi haijatoka. Kumbe uthibitisho pekee uliobaki duniani ulikuwa mikononi mwa kaka siku ile, na yeye akampa usiku mzima wa kuufuta.

Akaenda kwa wakili, akamwaga yote. Wakili akavua miwani.

"Hilo utalisema mwenyewe kizimbani," alisema. "Heri tulitoe sisi kuliko walifukue wao."

Fundi akahangaika na ile simu kwa kila njia aliyoijua, hata akawaomba mafundi waliomzidi ujuzi. Maji yakimwagika hayazoleki. Akapanda kizimbani, akaeleza alichoagizwa na alichofanya, kaka yake akimtazama muda wote. Mkurugenzi naye akaapa kwamba habari za kufuli alizisikia baada ya mazishi, na hapakuwa na neno hata moja la kumpinga. Jaji akasema anayeharibu alichotakiwa kukihifadhi, mahakama ina haki ya kuamini kilikuwa kinamshitaki yeye mwenyewe.

Wajane wakashinda. Kiwanda kikalipa, kisha kikaendelea na kazi chini ya mkurugenzi yuleyule. Fundi akafukuzwa. Kaka akashitakiwa kwa vifo vile, akafungwa.

Siku waliyompeleka gerezani, dada mtu alikwenda nyumbani kwa wifi yake. Alimkuta anakunja nguo za mumewe, anazipanga kwenye sanduku. Wifi hakumfukuza. Alikunja suruali moja, akailaza, ndipo akasema bila kugeuka:

"Ungemnyang'anya tu, wifi. Angekununia mwezi mzima, yakaisha."

Dada mtu akaketi ukingoni mwa kitanda, akavuta shati kutoka kwenye lile rundo, akaanza kumsaidia kukunja.