Saa Moja Baada ya Kipyenga

Kama kuna ligi inayozeesha watu kabla ya siku zao, ni ile ya daraja la kwanza, iliyo ngazi moja tu chini ya ligi kuu. Huko timu zilibadilika kama watu wanavyobadilisha shati. Timu ya posta ilinunuliwa na benki ikavishwa kijani. Ya askari magereza ilihamishiwa mji mwingine, mashabiki wake wakabaki na ngoma zao mkononi. Ya soko ilibadili jina mara tatu kwa misimu minne, hata wachezaji wenyewe ukiwauliza wanachezea timu gani, waliangalia kifuani kwanza ndipo wakajibu. Sicheki mimi, nasimulia tu.

Basi na katibu wa Reli naye zamu yake ikafika. Reli ilikuwa timu ya mafundi wa karakana ya treni, na yeye alikuwa katibu wake kwa miaka ishirini na tatu, mpaka mtaani hakuna aliyekumbuka jina alilopewa na mama yake. Hata mkewe alimwita Katibu. Msimu huu kiwanda cha saruji kikainunua timu, na Reli ikawa Saruji. Mkewe alifumua nembo ya zamani kwenye koti lake kwa wembe, uzi mmoja mmoja, akashona mpya.

"Koti nimelibadilisha mimi," alimwambia asubuhi ya mechi ya mwisho, akimkung'uta mabega. "Kichwa utakibadilisha mwenyewe."

Mechi yenyewe haikuwa ya mzaha. Mkurugenzi wa kiwanda alishasema kikaoni, bila kupepesa macho, kwamba timu ikishuka daraja anaivunja wiki hiyo hiyo. Saruji walihitaji sare tu ili wabaki. Wapinzani wao, timu ya benki, walihitaji kushinda ili wapande ligi kuu. Na golini mwa Saruji alisimama mkwe wake Katibu, mume wa binti yake wa pekee, na binti mwenyewe mimba ya miezi minane. Timu ikivunjwa, kijana anarudi kusukuma mikokoteni ya mizigo stendi. Kwa hiyo mnaelewa kwa nini siku ile chai yake ilibaki mezani.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Cha pili benki wakatangulia, Saruji wakasawazisha kwa kichwa, ikawa bao moja kwa moja. Dakika ya sabini kocha akageuka benchi na kupiga kelele, "Katibu, huyu wa akiba wa kushoto jezi yake namba ngapi? Namwingiza sasa hivi!"

Katibu akatoa nakala yake ya fomu ya mechi mfukoni. Alikuwa ameijaza mwenyewe mchana, kwa mwandiko wake mzuri, akatumia karatasi za kaboni zikatoka nakala tatu: moja ya kamisaa wa mechi, moja ya wapinzani, moja yake. Akaikunjua kutafuta namba. Macho yakatua juu kabisa, penye jina la timu.

Alikuwa ameandika RELI.

Lo! Mazoea yana taabu. Miaka ishirini na tatu mkono umeandika neno moja, leo akili imo kwenye mimba ya binti na kipa na kocha, mkono ukajiendea zake. Barua ya ligi aliijua kwa moyo, aliibandika yeye mwenyewe ukutani ofisini: timu itakayoleta karatasi yenye jina lisilosajiliwa itahesabiwa haikufika uwanjani. Na haikuwa tishio tupu. Timu ya soko ilipokwa pointi tatu hivyo hivyo miezi miwili iliyopita, wakalia mpaka wakanyamaza.

"Katibu! Namba!" kocha akafoka.

"Kumi na saba," akajibu, na sauti yake mwenyewe akaiona ngeni.

Kulikuwa na upenyo mmoja tu. Malalamiko ya wapinzani yalitakiwa yaandikwe na kumfikia kamisaa ndani ya saa moja baada ya kipyenga cha mwisho. Saa hiyo ikipita kimya, kamisaa anaruhusiwa kusahihisha kosa la fomu kabla ya kufunga bahasha yake. Bahasha ikishafungwa, basi. Likionekana makao makuu, pointi zimekwenda na maji. Katibu akaanza kumwomba Mungu mambo mawili kwa pamoja, bao lisiingie na mtu asisome.

Bao halikuingia. Dakika za nyongeza benki walipiga shuti ambalo kila mtu uwanjani alishaliona wavuni, na mkwe wake akaruka akalitoa kwa ncha za vidole. Saa kumi kamili refa akapuliza. Saruji wakaangukiana, kocha akalia kama mtoto, kipa akaja mbio akamnyanyua baba mkwe wake juu juu.

"Tumebaki, Baba! Tumebaki!"

"Niteremshe," Katibu akasema. "Niteremshe, mwanangu, nina kazi."

Chumba cha kamisaa kilikuwa chini ya jukwaa, na meza moja, viti vitatu vya plastiki na saa ya ukutani iliyokwenda kwa kelele. Kamisaa alikuwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mkavu, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni. Wote walimwita Mwalimu. Alikuwa akiandika ripoti taratibu, fomu zote mbili zimelala mbele yake. Upande wa pili aliketi meneja wa benki, mtu mzima wa miaka hamsini ambaye hadi leo huvaa kaptula hata penye baridi, na Kaptula ndilo jina lililomganda. Ujanani alikuwa winga wa Reli, miaka sita. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mfuko wa shati lake umetuna kwa karatasi iliyokunjwa. Katibu aliijua karatasi ile. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini siku ile kilikuwa nguoni mwa mwenzake.

"Mmetuua, Katibu," Kaptula akasema bila kuinua macho. "Vijana wangu wanalia kwenye basi."

"Mpira ndivyo ulivyo, kaka."

"Yule kipa wenu mnamlisha nini?"

"Mke wake ndiye anayemlisha," akajibu Katibu, na akacheka peke yake, kicheko kibaya.

Saa kumi na dakika ishirini. Thelathini. Mwalimu akaandika, akafuta, akaandika. Mara Kaptula akaitoa ile karatasi. Roho ya Katibu ikapaa. Kaptula akaipitishia kidole kutoka juu hadi chini, akasimama kwenye namba nne.

"Huyu mkataba wake unaisha lini? Nataka kumzungumzia mwakani."

"Mchukue hata leo!" Katibu akaropoka.

Kaptula akamtazama kwa mshangao, akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni. Alikuwa ameliona jina lile mbele ya macho yake na hakuliona. Alilichezea miaka sita. Kwake yeye timu ile ilikuwa Reli, na itakuwa nini tena?

Saa kumi na dakika arobaini na sita Mwalimu akaweka kalamu. "Nimemaliza. Kama hakuna malalamiko, sainini wote wawili, nifunge bahasha. Nina safari ya mbali."

Kaptula akasaini. Karatasi ikaja kwa Katibu. Na pale juu, kwa mwandiko safi wa kishule, Mwalimu alikuwa amenakili kutoka kwenye fomu kama alivyopewa: Reli moja, Benki moja.

"Kalamu imekataa," Katibu akasema, akiikwangua hewani bila kugusa karatasi.

Mwalimu akampa nyingine.

"Miwani yangu... nadhani nimeiacha benchi."

"Iko usoni kwako, Katibu."

Akajipapasa. Kweli, iko usoni. Akaomba maji ya kunywa, akaletewa. Akayanywa tone tone. Saa ya ukutani ilisoma kumi na dakika hamsini. Mwalimu akachukua bahasha, akailamba ukingo.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Akisema sasa, Kaptula yupo na dakika kumi anazo. Asiposema, bahasha inafungwa, na Jumatatu timu imekufa, na huyu mama asiye na kosa anaulizwa kwa nini alinakili upuuzi. Akilini alimwona binti yake mlangoni pa nyumba yao, mkono kiunoni, akimngoja mumewe. Aliogopa, jamani. Aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu azaliwe.

"Mwalimu," akasema. "Usifunge. Nimekosea jina."

Mwalimu akavaa miwani. Akasoma fomu, akasoma ripoti yake, akaguna. Kaptula akatoa nakala yake kwa mara ya pili, na safari hii akaisoma kuanzia juu kabisa. Saa ikatwanga ukutani.

"Una dakika tisa, meneja," Mwalimu akasema. "Ni haki yako. Siwezi kukuzuia na siwezi kukushauri."

"Kaka..." Katibu akaanza.

"Usiniite kaka." Kaptula alikuwa amesimama. "Nina wachezaji ishirini na tano pale nje. Nao wana wake. Nao wana wakwe. Nifanyeje mimi? Niwaambie nini?"

"Sijui," akasema Katibu.

Kaptula akatoka. Katibu akabaki amekodolea mshale wa saa. Dakika sita. Nne. Nje vijana wa Saruji walikuwa wakiimba, na mkwe wake ndiye aliyekuwa akiongoza wimbo, sauti imemkauka. Dakika tatu. Katibu akajidanganya kwamba mwenzake ameghairi, amepanda basi, ameondoka. Zikiwa zimebaki dakika mbili mlango ukasukumwa, Kaptula akaingia akihema, akaweka karatasi mezani.

"Imefika ndani ya muda," akasema. "Nisamehe, Katibu."

Mwalimu akaisoma kimya. Akairudia tangu mwanzo. Kisha akavua miwani na kuiacha ining'inie.

"Umemlalamikia nani hapa, meneja?"

"Hawa! Hawa waliokuja na fomu ya—"

"Soma mwenyewe."

Kaptula akachukua karatasi. *Sisi timu ya benki tunawasilisha malalamiko dhidi ya timu ya Reli...* Akafika hapo akaruka hadi mwisho. Alikuwa ameandika Reli mstari wa kwanza, Reli mstari wa tatu, na Reli tena mwishoni, juu kidogo ya saini yake.

"Karatasi yenye jina lisilosajiliwa," Mwalimu akasema. "Kanuni ni ile ile. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Timu hii uliyoishtaki haimo kwenye ligi."

Kaptula akaangalia saa. Mshale ulikuwa umeshavuka saa kumi na moja. Akapiga meza ngumi moja, glasi ikaruka, halafu akaanza kucheka, na kucheka kule kukageuka kukawa kitu kingine, akajifuta macho kwa ukosi wa shati la benki.

"Miaka sita nimekimbia ubavuni pale," akasema. "Mkono mpumbavu huu. Nitawaambia nini vijana?"

Katibu alitaka kufurahi, furaha ikamkwama.

Mwalimu akavuta rula kutoka mkobani na kuisukuma mbele ya Katibu pamoja na fomu. "Sasa unaruhusiwa kusahihisha. Kata jina kwa mstari mmoja, nakala zote tatu. Andika jina sahihi juu yake, saini pembeni. Ripoti nitairekebisha mimi."

Katibu akaweka rula chini ya neno. Akaweka kalamu. Haikwenda.

"Kalamu imekataa," akasema.

Mwalimu akaichukua, akaijaribu pembeni mwa gazeti. Ikaandika vizuri. Akamrudishia.

"Kalamu haina neno, baba," akasema, safari hii kwa upole. "Kata."

Akakata. Mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kwenye ile nakala ya Kaptula, Kaptula mwenyewe akimshikia karatasi isicheze. Mlangoni mkwe wake akachungulia, jezi imemlowa, meno yote nje.

"Baba, basi linangoja! Twende tukamwambie mke wangu nyumbani!"

"Nakuja, mwanangu. Naandika jina la timu."

Akainamisha kichwa, akaandika herufi ya kwanza. Kisha akasita, akaangalia kifuani kwenye koti, penye nembo mpya aliyoshona mkewe, ndipo akaendelea.