Mlango Wenye Pembe

"Hodi," alisema Mtoro nje ya mlango.

Mwanahawa alikuwa ameketi chini, miguu kainyoosha, anasuka ukili wa mkeka. Alimtambua mumewe kabla hajanena. Mtu aliyekata mikoko tangu ujana hukanyaga kila mahali kana kwamba dunia nzima ni tope. Moyo ukamruka. Mdomo ukafunguka kusema karibu, akauziba kwa kiganja.

"Usiingie," alisema. "Si umekwisha kunywa dawa?"

"Nimekunywa."

"Basi mwiko waujua. Kumgusa mke hapana, kula chakula chake hapana, mpaka vita viishe. Mie nataka risasi ya Mdachi ikikufikia igeuke maji. Kaa huko huko."

Mtoro akacheka. "Nimetoka Kibiti kwa miguu, bibie, kesho twaondoka na jirani Huseni, na mke wangu ananifungia mlango nilioukata mwenyewe!"

Ni kweli aliukata mwenyewe, na kijiji kizima cha Mbuchi kilimcheka kwa ajili yake. Nguzo mbili za mkoko alizisimika vizuri, na magome yake, kama watu wote. Lakini mti wa juu aliuacha mrefu, ukatokeza huku na huku, na ncha zake akazichonga zielekee juu kidogo. Majirani wakauita mlango wenye pembe. Wengine walimuuliza kama humo ndani anafuga nyati. Mtoro hakujali, kwa kuwa mlango wa namna hiyo yeye alikwisha kuuona na wao hawakuuona.

Alipokuwa kijana alichochea makaa katika meli ya moshi, ikampeleka Unguja, ikampeleka Bombay, ikamfikisha hata Japani. Wenzake waliporudi safari walileta vitambaa na vikombe. Mtoro alirudi mikono mitupu na kichwa kimejaa mahali. Alipooa, akawa anampa mkewe mahali pamoja pamoja, jioni kwa jioni, kama mtu anayegawa halua kwa mwanawe asije akaimaliza. Mwanahawa hakuwahi kufika hata Kilwa, lakini Japani aliijua.

Sasa alimsikia mumewe anakaa chini na kuegemeza mgongo mlangoni. Akakokota ukili wake, naye akaegemea upande wa ndani. Kati yao palikuwa na ubao tu.

"Basi nisimulie," alisema. "Maneno hayana mwiko."

"Nianzie wapi?"

"Mlimani."

"Mlima Fuji. Tuliuona kutoka Yokohama, asubuhi moja mawingu yalipotoka. Umekaa peke yake, hauna ndugu wala jirani, na kichwani kofia nyeupe kama haji. Tukaacha makaa, tukapanda sitahani kuutazama. Serangi, msimamizi wetu, akaja kututukana. Alipoinua macho, matusi yakamwishia."

"Haya, wale paa."

"Hao wa mji wa Nara. Wanazurura mbele ya mahekalu ya kale, hawamwogopi mtu. Mmoja aliniinamia kichwa, nami kwa adabu nikamwinamia. Akala mkono wa kanzu yangu."

Mwanahawa akacheka, ijapokuwa mkono ule wa kanzu alikwisha kuukosha na kuutia kiraka kwa mikono yake mwenyewe.

"Sasa mlango."

"Huo si niliahidi nitakupeleka ukauone?"

"Utanipeleka. Leo nisimulie tu."

"Uko Miyajima. Mlango mwekundu, mrefu kupita minazi, umesimama baharini. Hauna ukuta, hauna ubao, hauna komeo. Maji yakijaa, mashua zapita katikati. Yakipwa, watu waenda topeni hadi miguuni pake, kama sie tuendavyo mikokoni. Nikamuuliza mzee mmoja kwa ishara, mwaufunga saa ngapi? Alicheka hata akashika mbavu."

Maji ya mto yalikuwa yakipwa, jua linazama. Nyumba ya pili, kwa Biasha mke wa Huseni, kulisikika kicheko na kulinukia samaki wa nazi. Mwanahawa alimwonea Biasha huruma kwa upumbavu wake.

"Mwanahawa," alisema Mtoro. "Hodi tena. Nikuone uso tu."

Vidole vya Mwanahawa vikaenda mbio kwenye ukili. Hakuwa anatazama anachosuka. Alitaka kumfungulia, alitaka kuliko alivyopata kutaka kitu chochote, na kwa sababu hiyo hiyo akakaza meno.

"Hodi, mke wangu."

Mtu akipiga hodi mara tatu asikaribishwe, huondoka, hata kama nyumba ni yake. Ndivyo walivyolelewa wote wawili. Akamsikia anainuka, anakung'uta nguo.

"Haya bibie. Tutaonana, Inshallah."

Siku zikapita, na Huseni ndiye aliyerudi kutoka vitani, mkono umefungwa kitambaa, peke yake. Wanawake wakajaa uani. Alisema walikwenda wima, wakipaza sauti, maji, maji, na bunduki ya Mdachi ikawafyeka kama mpunga. Mtoro alikuwa mbele. Hawakupata hata nafasi ya kumzika.

Kilio kilipotulia kidogo, mwanamke mmoja akasema, "Dawa haishindwi bure. Kuna aliyevunja mwiko." Macho yote yakamgeukia mjane.

"Kwangu hakuingia," alisema Mwanahawa. "Alipiga hodi mara tatu. Sikumkaribisha."

"Asingiziwe mtu," alisema Huseni, kichwa chini. "Shemeji, Mtoro alilala nje, chini ya dungu la kulindia mpunga. Mie ndiye niliyeingia kwangu. Nikala, nikalala na mke wangu. Na mie nimerudi."

Biasha akajifunika uso kwa kanga. Mwanahawa hakumchukia. Aliona wivu, wivu mchungu. Laiti naye angekuwa na kosa! Angekuwa na jioni moja ya kukumbuka. Sasa alikuwa hana kosa wala mume, ila ukili tu, na mahali fulani katikati yake msuko umekwenda kombo, pale alipoambiwa hodi ya pili.

Kabla eda haijaisha wakaja askari kuchoma vijiji. Watu wakakimbilia mikokoni na walichoweza kubeba. Mwanahawa alibeba ukili.

Waliporudi, bamvua lilikuwa limeingiza maji hadi uani. Ghala zimekuwa jivu, kuta zimeanguka zote. Kwa Mwanahawa kilibaki kitu kimoja, nguzo mbili na mti wa juu wenye pembe. Ubao uliungua. Moto ulikuwa umekula magome, na mkoko ndani ni mwekundu.

Alisimama akiutazama kwa muda mrefu. Maji yalipita katikati ya nguzo, yakiingia na kutoka.

"Njoo huku palipoinuka, dada," Biasha alimwita. "Maji yanajaa."

Angeweza kuingia kutoka upande wowote. Alizunguka, akapita mlangoni, akasimama pale pale alipokuwa ameketi jioni ile, maji yakimfika vifundoni, ukili begani. Akageuka kutazama nje.

"Karibu," alisema.

Kisha akasogea kando kidogo, apishe.