Mkono wa Kumpa Sajenti

Tangu Jumanne Alonzo Pettiford alikuwa akilala na hasira na kuamka nayo, na Jumamosi ya mandari aliamka nayo jua halijachomoza. Akatoka uani, akawasha jiko lake la pipa, akapanga mbavu za nguruwe juu ya chuma, akasimama akizitazama kana kwamba ndizo zilizomkosea.

Mandari yenyewe ilikuwa ya chama. Pale Bexham, Ohio, kuna watu thelathini na wawili wanaotembea na bastola kiunoni mchana kweupe, kila mtu azione, maana sheria ya jimbo inawaruhusu, na wamejiundia chama chao. Kila Agosti hukutana kwenye bustani ya mji kando ya mto, huwaalika polisi, hula pamoja na kupeana mikono mbele ya kamera, ili dunia nzima ione mtandaoni kwamba polisi na raia mwenye bunduki ni chanda na pete. Alonzo alikuwa mpishi wao, mwaka wa nne huu. Alikuwa pia mweusi wao, peke yake, na Dwight Hostetler, mwenyekiti, hakusahau hata mwaka mmoja kumsimamisha mstari wa mbele.

Sasa hiyo Jumanne. Alonzo, fundi wa treni mstaafu, miaka sitini na mmoja na goti bovu, alitoka kwa miguu kwenda kununua bawaba za mlango. Bastola ilikuwa kiunoni kama siku zote. Barabara ni ile ile anayoipita Dwight kila Alhamisi na bastola yake, na Sajenti Gary Maddux husimamisha gari ili wazungumze habari za samaki. Siku hiyo kuna aliyepiga simu kusema ameona mwanamume mwenye bunduki. Akaja Maddux huyo huyo, na gari la pili nyuma yake, na habari za samaki hakuna aliyeziuliza.

Aliamriwa alale kifudifudi. Akalala. Lami ya Agosti ikamchoma shavu, na kwa kuwa mkono wake wa kushoto ulikuwa mbele ya macho, saa yake aliiona vizuri. Dakika kumi na moja. Mtu mzima, babu wa watu, dakika kumi na moja amelazwa barabarani, goti la polisi limemkaa mgongoni, majirani wanachungulia madirishani. Walipomgeuza ndipo Maddux alipomtambua, na alichofanya ni kucheka.

"Kumbe ni wewe, Alonzo? Si ungesema?"

Akampangusa shati, akamrudishia bastola yake na mfuko wa bawaba, akamwambia basi wataonana Jumamosi, asije akamwekea mbavu chache. Husemwa kwamba asiyekujua hakuthamini. Lakini huyu alimjua. Miaka mitatu alikuwa amekula mbavu za Alonzo na kulamba vidole, akauliza hadi siri ya mchuzi. Alimjua kwenye sahani. Barabarani hakumjua.

Verdell, mkewe kwa miaka thelathini na sita sasa, ndiye aliyempaka dawa shavuni, na tangu siku hiyo alikuwa hasemi. Mwanamke yule akipiga kelele, yamekwisha, akinyamaza, jiandae. Alisema Jumamosi hiyo asubuhi, akiwa amesimama kwenye mlango wa uani.

"Unaenda?"

"Nimewaahidi nyama."

"Peleka nyama yako. Lakini mkono utakaompa yule mtu, Lonzo, usije ukanishika nao mimi."

Alonzo aliingia ndani, akaifungia bastola kabatini, akavaa aproni yake ndefu ya upishi, ile inayomfunika tangu kifuani hadi magotini. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne, alikwenda kwenye mandari ya wenye bunduki bila bunduki. Kwa sababu ya aproni hakuna aliyetambua.

Bustanini Dwight alimvuta kando kabla hata hajashusha jiko kwenye gari. Habari za Jumanne alikuwa nazo, na alizipita haraka kama mtu anayeruka dimbwi: bahati mbaya, watu hawakuelewana, yameisha. Kubwa lilikuwa Jumatatu, maana halmashauri ya mji ingepiga kura kukataza bunduki bustanini, na wajumbe wangeitazama video ya leo. Alichotaka ni Alonzo asimame na Gary Maddux, wapeane mikono, aseme neno moja tu la urafiki, na wajumbe watafunga midomo.

Alonzo akamuuliza kama yeye Dwight amewahi kulazwa barabarani.

"Mimi? Nilazwe kwa nini?" Dwight akacheka. Kwa kweli aliona amejibu.

Hapo ndipo hasira ya Alonzo ilipoacha kuzunguka na kutulia mahali pamoja. Alimwelewa Dwight mpaka chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kulazwa, na hakuona sababu ya kujisumbua na mgongo wa mwingine ilimradi mwingine huyo anajua kuchoma nyama. Ukimchekea mtu wa namna hiyo, utacheka hadi kaburini.

Chama kilikuwa na sheria moja ambayo Dwight mwenyewe aliitunga na kuwakaririsha kama sala: polisi akiwapo, kamera haizimwi wala haikatwi, maana video iliyokatwa ni uongo. Wanachama wote waliijua hata usingizini. Kamera aliishika Darlene Kuhn, mjane aliyefanya kazi maktaba maisha yake yote, mwanamke mkavu asiyejua kupindisha kanuni kwa ajili ya mtu. Picha zilikwenda mtandaoni moja kwa moja, na Alonzo alijua kwamba nyumbani Verdell amekaa na simu akizitazama.

Saa saba Maddux akaingia na wenzake wawili. Alipita katikati ya bunduki zile kama bwana harusi, anapiga watu mabega, anaulizia watoto. Kuna mmoja aliyekuja na bunduki ndefu mpya. Maddux aliomba aishike, akaipima uzito mikononi, akaisifu, akairudisha. Wenzake walikuwa wameshapewa soda. Hatimaye akafika jikoni, Darlene nyuma yake, Dwight nyuma ya Darlene na tabasamu pana.

"Jamani, mwenyewe ndiye huyu," Maddux aliiambia kamera. "Rafiki yangu Alonzo. Hebu waambie watu tunavyoishi hapa Bexham, bwana."

Akanyoosha mkono.

Alonzo aliutazama mkono ule. Ulikuwa safi, na kucha zake zimekatwa vizuri. Aliogopa kwamba akifungua mdomo atatukana, na matusi ndiyo wangeyashika na kuyashangilia.

"Nitawaonyesha," alisema, akashika pindo la aproni ili aivue.

Mkono wa Maddux ukaondoka hewani na kurukia bastola yake.

Haukumuuliza mwenyewe. Ulikwenda wenyewe. Bastola zaidi ya thelathini zilikuwa zimemzunguka tangu alipofika, na mkono ule ulikuwa ukishika glasi na mabega ya watu, hata bunduki ya mtu mwingine. Sasa umekaa juu ya bastola, na kamera inautazama. Alonzo akaivua aproni taratibu, akaining'iniza kwenye jiko. Chini yake kulikuwa na mkanda wa suruali tu.

Alonzo akakunja goti lake bovu, akashuka, akalala kifudifudi kwenye nyasi mbele ya viatu vya sajenti, mikono kaitanua, shavu lenye kidonda likitazama juu.

"Jumanne nililazwa hivi dakika kumi na moja na rafiki yangu huyu," alisema. "Hesabuni."

Maddux aliuondoa mkono kwenye bastola. Alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaanza kueleza kwamba kazi ya polisi ni ngumu na ile siku ilikuwa ni kutoelewana tu. Dwight alikuja mbio, uso umemwiva.

"Darlene, zima hiyo."

"Polisi bado yupo," Darlene alisema. "Sheria ni yako, Dwight."

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Dakika ya nne mtu mmoja alinung'unika kwamba Alonzo anawaharibia siku. Ya sita, mbavu zikaanza kuungua, na katika wale wote waliozoea kuzila hakuna aliyejua hata namna ya kuzigeuza. Maddux akachuchumaa.

"Inuka basi, Alonzo. Yameshapita hayo."

"Bado dakika tano," Alonzo aliziambia nyasi.

Sajenti akatazama huku, akatazama kule. Kuondoka ni aibu na kukaa ni aibu. Dakika ya tisa akawaita wenzake, na gari lao likatoka bustanini polepole. Hapo sheria ilimruhusu Darlene azime kamera, na Dwight alimkumbusha. Darlene alitazama saa yake na hakuzima.

Kumi na moja zilipotimia Alonzo akainuka mwenyewe, kwa shida, akishikilia mguu wa meza. Mikono kadhaa ilinyooshwa kumsaidia na hakuugusa hata mmoja. Akazitoa mbavu kwenye jiko, akazipanga kwenye sinia, akazifunika kwa karatasi ya bati, akaanza kuzipakia kwenye gari lake. Waliokuwa wameshika sahani walibaki wameshika sahani.

Dwight ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, kana kwamba hilo ndilo lililobaki la kuzungumza.

"Sasa na nyama je?"

"Nyama ni ya marafiki," Alonzo akasema, akapakia sinia la mwisho.

Verdell alikuwa akimsubiri barazani, simu bado iko mkononi. Alifunua sinia, akasema mbavu zimeungua upande mmoja. Kisha akautazama mkono wa kulia wa mumewe, wenye udongo na majani, akaushika, wakaingia ndani.