Kioo cha Kuonyesha Hakiuzwi

Usigeuze uso. Umeugeuza mara nyingi mpaka shingo imezoea. Leo asubuhi ulipita mbele ya duka la kompyuta, lile lenye pazia jeusi dirishani, ukamwona mwanamke amesimama kizingitini, kompyuta ameikumbatia, na watu wanamzomea. Uliona. Ukajiambia hayakuhusu, ukakaza mwendo kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka. Basi utasimuliwa, upende usipende.

Mwanamke huyo ni fundi cherehani. Miaka ishirini na sita amekaa nyuma ya mashine moja, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuchagua uzi chini ya taa. Mteja akileta kitambaa, hata kama mvua inanyesha, fundi hukibeba pamoja na uzi wake hadi mlangoni, akaulaza uzi juu ya kitambaa, akakunja uso na kutazama kwa nuru ya nje. Taa zote, za bei yoyote, anaziita matapeli.

Ana mabinti wawili. Mdogo amepata nafasi chuoni kusomea uchoraji wa vitambaa vya kuchapwa, na kesho saa mbili asubuhi anatakiwa awe darasani na kompyuta yake. Mkubwa alisomea hicho hicho, chuo hicho hicho, miaka mitatu iliyopita. Alichora bluu kwenye kompyuta yake, kitambaa kikatoka mtamboni na kijani cha maji ya dimbwi. Akarekebisha, akachapa tena, ikatoka mbaya zaidi. Walimu wakamwita ofisini, wakamwambia kwa ule upole wa watu wanaowahi chakula cha mchana: binti, jicho lako halijui rangi. Akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo anapinda suruali za watu pembeni ya mama yake, na akiulizwa uzi upi utafaa, anajibu, "Chagua wewe, mama. Mimi si unanijua."

Na fundi, aliyemfundisha mtoto huyo rangi kabla hajajua kuhesabu, alinyamaza. Aliwaamini wenye vyeti. Hata siku ya kununua ile kompyuta alibaki nje ya duka na mwavuli wake, akisema vitu vya umeme si vyake.

Leo hakubaki nje.

Ndani ya duka kulikuwa na giza la makusudi na taa za zambarau. Kompyuta kumi na mbili zilikuwa mezani, zimefungwa kwa waya, na zote zilimwonyesha kasuku yule yule akiruka kutoka tawi hadi tawi, mwekundu kama moto. Foleni ilikuwa ya wazazi na watoto wao, kila mmoja na barua ya chuo mkononi, maana barua yenyewe ilikuwa imewaelekeza kwenye duka hili, kwa herufi nzito, kama vile maduka mengine yote yameungua.

Muuzaji alikuja akitabasamu. Wateja humwita Profesa, kwa sababu husema mambo ambayo hakuna anayeyaelewa, yeye akiwa wa kwanza.

"Karibu, mama yangu. Hii ndiyo inayopendekezwa na chuo. Inchi kumi na tano na nusu, pikseli kwa mamilioni, niti mia tano."

"Niti ni nini?" fundi akauliza.

"Niti ni... niti ni nuru, mama. Nuru ya kitaalamu."

"Na hii ya zambarau mliyowasha humu ni ya kitaalamu pia?"

Binti mdogo, aliyekuwa kando yake, alimkanyaga mama yake mguu. Profesa akacheka kicheko cha kazini.

"Mtazame kasuku, mama. Umewahi kuona rangi kama ile?"

"Sijawahi. Hata kasuku mwenyewe hajawahi. Ifungue huo waya, niipeleke mlangoni."

"Kompyuta haipelekwi mlangoni, mama."

"Basi na sisi tutakwenda mlangoni, tutoke moja kwa moja."

Profesa alitazama kule juu, kwenye chumba cha vioo anakokaa mwenye duka, kisha akafungua waya. Mauzo ni mauzo.

Mlangoni, binti alichomeka flashi yake. Siku ya usaili alikuwa amechora maua sita kwenye mitambo ya chuo, na chuo kikamchapia kitambaa chake akipeleke nyumbani. Sasa maua yale yale yalitokea kwenye kioo, na fundi akakilaza kitambaa kando yake, juani. Nyekundu ikakaa na nyekundu. Bluu ikakaa na bluu. Alisogea kushoto, akasogea kulia, akainama mpaka miwani ikamtoka puani. Rangi hazikutikisika.

"Hii inasema kweli," akasema. "Tunaichukua."

"Nilikuambia, mama yangu!" Profesa akairudisha mezani, akaifunga tena waya, akaenda stoo na kurudi na boksi jipya lililobandikwa gundi pande zote. "Lipia pale dirishani. Boksi utalifungulia nyumbani."

"Kwa nini nyumbani?"

"Ndio utaratibu. Ukilifungua hapa tunahesabu umeshanunua."

"Mimi nimechagua ile."

"Ile ni ya kuonyesha, mama. Haiuzwi. Hii ndiyo ile ile."

Hapo fundi akamkumbuka baba wa mwenye duka. Mzee yule aliuza vitambaa mtaa huu huu kwa rula ya mita iliyokatwa upana wa vidole vinne. Mafundi wote walijua. Walikata magauni yakaja mafupi, wakawaambia wateja kwamba wamenenepa. Baadaye akauza viatu vya shule vyenye soli ya karatasi ngumu, na mvua ya kwanza ilipopiga, watoto walirudi nyumbani pekupeku na wakachapwa wao kwa kutotunza vitu. Ndivyo biashara hii inavyokwenda. Kitu kikiwa kibovu, anatafutwa aliyekinunua ili alaumiwe.

Fundi alitoa mkobani kile kiwembe chake cha kufumulia mishono, akapitisha kwenye gundi mara moja, boksi likafunguka.

"Mama!" Profesa akapiga kelele.

"Mama," binti akasema pia, kwa sauti ndogo zaidi.

"Niko hapa. Iwashe, mwanangu."

Ilichukua robo saa kuiwasha na kuyajibu maswali yake ya kijinga, na kwa robo saa hiyo foleni ilimchamba fundi kwa zamu. Mwalimu mmoja wa hesabu, aliyekuwa amekumbatia boksi lake tayari, alisema kwa sauti ya darasani, "Wengine tuna kazi za kwenda kufanya, mama." Mama mmoja mwenye hereni kubwa akasema watu wa cherehani bwana, wanadhani kila kitu ni kitambaa. Hakuna aliyemwambia Profesa neno.

Maua sita yakatokea. Binti aliipeleka kompyuta mlangoni mwenyewe, hakusubiri kuambiwa, na fundi akaenda mezani, akafumua kitanzi cha waya na kuibeba ile ya kuonyesha. Wakaziweka chini kizingitini, ubavu kwa ubavu, kitambaa katikati.

Bluu ya kompyuta mpya haikuwa bluu. Ilikuwa na ugonjwa. Nyekundu ilikuwa kutu, na njano ilikuwa karatasi kuukuu. Binti alipoinamisha kichwa kidogo tu, nyeusi ikageuka kijivu kinachong'aa, na ua zima likawa kama picha iliyosahauliwa dirishani miaka kumi.

"Labda haijapashwa moto," Profesa akasema.

"Ni kompyuta au pasi?" fundi akauliza.

"Modeli ni ile ile, mama! Kampuni hubadilisha vioo kwa kila shehena. Ukikaa sawasawa mbele yake, usigeuke geuke, inaonekana vizuri kabisa."

"Kwa hiyo mtoto asome miaka mitatu bila kugeuza shingo."

Mlinzi wa duka alikuwa ameitwa amtoe fundi. Alifika, akainama, akatazama kioo kimoja, akatazama cha pili. "Lakini hiki si kile," akasema. Kisha akakumbuka nani anamlipa, akaanza kuitazama dari kana kwamba ina maandishi.

Fundi aliwageukia wenye maboksi. "Njooni mtazame. Hamkatazwi kutazama."

Mwalimu wa hesabu alikuja. Alitazama vizuri, maana si mjinga, na uso ulimshuka. Alikuwa ameona. Kila mtu pale alimwona akiona. Kisha akalibana boksi lake kwapani na kusema, "Wangu anasomea uhasibu. Tarakimu hazina rangi." Akaondoka. Mama wa hereni akasema wake ni wa sheria. Mwingine akasema aa, si wataharibu tu hata hivyo. Mwingine alimshika mtoto wake mkono na kumvuta kwa upande asione. Watu wazima, wenye familia, wametoa jasho lao, na bado wanamwonea haya tapeli kuliko tapeli anavyojionea haya mwenyewe!

Ndipo mwenye duka aliposhuka kutoka kwenye vioo vyake, mnene, mtaratibu, ananukia sabuni.

"Mama, tusiyakuze haya," akasema, akiinama karibu na sikio la fundi. "Chukua hiyo ya kuonyesha. Bei ile ile, na begi nakuongezea bure. Mpite mlango wa stoo, kimya kimya."

Binti alisikia. Macho yake yalijaa. "Mama, chukua. Kesho saa mbili, mama."

Fundi alimtazama mtoto wake, akaitazama kompyuta iliyosema kweli. Hiyo ndiyo iliyomleta. Ilikuwa imebaki kuinama, kuibeba, kupita stoo, na mtoto angeingia darasani kesho na jicho lake zima. Akauliza, "Na hawa?"

"Hawa hawajalalamika."

"Hujawapa nafasi ya kuona, bwana. Umewawekea kasuku." Kisha akamgeukia binti. "Kompyuta ya dada yako ilitoka humu humu, mwanangu. Kwa boksi kama hili."

Binti alifungua mdomo kubisha. Akaitazama ile bluu yenye ugonjwa, kisha akaitazama tena. Akaufunga mdomo na kutoa simu. "Dada? Njoo hapa dukani. Njoo na ile laptopu yako. Usiniulize, njoo nayo tu."

"Basi haiuzwi," mwenye duka akasema, na upole ukamtoka kama koti. "Wala mpya sikuuzii. Kesho mtoto wako aende chuo na cherehani."

Alinyoosha mkono aichukue. Fundi aliinyanyua na kuikumbatia, foleni ikaanza kumzomea, na hapo ndipo ulipopita wewe.

Dada alifika akiwa bado na sindano mbili zimechomekwa kifuani mwa blauzi. Kompyuta yake ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha flaneli. Haikuwa imewashwa tangu alipoacha chuo, ikabidi mlinzi, bila kumtazama mtu yeyote usoni, awasogezee waya wa umeme. Ilipowaka, binti mdogo aliweka maua yale yale. Sasa zikawa tatu kizingitini: moja inasema kweli, mbili zina ugonjwa ule ule, bluu ile ile iliyooza.

Dada alichuchumaa. Alichukua kitambaa, akakisogeza kwenye kioo chake cha zamani, kisha kwenye kile kizuri, kisha akarudi kwenye chake. Alirudia mara nne au tano. Mtu angedhani anachagua uzi.

"Kwa hiyo macho yangu yalikuwa mazima," akasema.

"Yalikuwa mazima. Nisamehe, mwanangu. Niliwaamini wao."

"Hayo tutaongea, mama." Akasimama. Akamwendea baba mmoja aliyekuwa anatoka na boksi, akamzibia njia. "Mzee wangu, shikamoo. Wa kwako anasomea nini? Picha? Basi hutoki hapa hujalifungua."

Mzee yule alilifungua. Ni yeye mmoja tu hadi sasa.

Mabinti wote wawili na mama yao wako pale wakati huu unaposoma. Mwenye duka amezima umeme wa soketi ile, na kompyuta iliyosema kweli imebakiza theluthi ya betri. Saa kumi jua litaingia nyuma ya jengo la pili na kizingiti kitakuwa giza kama ndani. Kesho saa mbili mlango wa darasa utafunguliwa, na binti yule hana kitu mkononi kwa sababu mama yake amekataa kupita stoo ili wewe usiibiwe.

Kwa hiyo inuka. Kama una boksi lao nyumbani, libebe ulirudishe leo, uliwashe pale pale mbele ya watu. Kama hujalipa bado, usilipe kabla hujalifungua, na wakikuambia utaratibu, waulize aliuandika nani. Kama huna mtoto chuoni, una waya mrefu wa umeme; upeleke, uuchomeke duka la jirani. Usitume pole kwa simu. Usiseme utapita jioni. Vaa viatu, nenda, sasa hivi, na ukifika simama upande wa mlango waliko wao.