Futi Iliyoanzia Nne

Tangu dada yangu afariki, nyumba yetu ilikuwa na sauti moja tu ya kuaminika, sauti ya cherehani ya mama. Nikitoka saluni jioni, nimechoka hadi vidole vinauma kwa kusuka vichwa vya watu, naisikia tangu kwenye kona. Ikinyamaza najua ama uzi umekatika, ama mama analia.

Mtoto aliyeachwa na dada tulimwita Kifungo. Jina alilipata akiwa anatambaa, alipomeza kifungo cha koti la mteja, tukamngoja siku nzima akirudishe huku mteja naye amekaa kwenye benchi anamtazama kwa chuki. Sasa alikuwa darasa la pili na hakuna aliyekuwa akicheka tena. Mwalimu wake alituita, akatuambia kwa upole kwamba mtoto amerudi nyuma. Hajibu, haandiki, anaangalia dirishani. Mimi nilitaka kumwambia mwalimu kwamba na yeye akifiwa na mama yake aje tumwone atakavyoandika, ila mama alinivuta mkono. Ananijua. Si bure ananiita Pilipili.

Habari zikamfikia shemeji yangu, baba yake Kifungo. Yeye ni seremala, anaishi mbali, pamoja na mke mwingine, na siwezi kusema ni mtu mbaya. Ningependa sana awe mbaya, ingenirahisishia chuki. Alikuja, akamwamkia mama, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kudai, akasema mtoto akiendelea hivi atamchukua akasome kwao. Mama akamwomba amwachie likizo ile moja tu, amfundishe. Shemeji akakubali, ila akaweka sharti. Hataki ripoti wala cheti. Likizo ikiisha atakuja na futi yake ya kazi, ampe mtoto kitu apime. Akipima sawasawa, anabaki. Akikosea, anaondoka naye. Kwa seremala mtu asiyejua kupima hajui kitu, hata akikariri kitabu kizima.

Basi likizo ikageuka shule, na shule yenyewe ikawa michezo. Mama hakuwahi kusomea ualimu, lakini alikuwa na akili ya kumlaghai mtoto hadi ajifunze bila kujua. Kwa chaki ya fundi walichora herufi juu ya meza ya kukatia, Kifungo akizisoma kwa sauti kisha anazifuta kwa kitambaa. Waliuziana vifungo, vikubwa kwa vidogo, na mtoto alikuwa mlanguzi kuliko wauza nguo wa sokoni. Kulikuwa na mchezo wa tarishi: kila nguo ina kikaratasi cha jina kilichobanwa kwa pini, Kifungo anakisoma, anaipeleka nguo kwa mwenyewe aliyeketi kwenye benchi, anapiga saluti. Wateja walimpenda. Ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikaingia jikoni nikajifanya nakata vitunguu.

Mchezo alioupenda kuliko yote ni wa tundu. Kila mmoja anashika sindano na uzi, anayetunga kwanza ndiye mshindi. Mama alishindwa kila mara. Anasema, basi, nimeshindwa tena, una macho ya mwewe wewe, na Kifungo anachukua sindano ya bibi yake na kumtungia hiyo pia, kwa madaha ya mshindi. Nilimtania mama kwamba ni mwigizaji, kwamba angekuwa jukwaani saa hizi. Akainamia cherehani yake.

Halafu ikaja futi. Futi ya mama ni ya kitambaa, ya zamani kunishinda mimi. Ncha yake ilichakaa hadi namba za mwanzo zikafutika, naye akaikata kwa mkasi kwenye nne. Mtu mwingine angenunua mpya. Mama akazoea tu: anapima, anasoma, kichwani anatoa inchi nne, anakata kitambaa. Hajawahi kuharibu gauni la mtu. Likizo ile Kifungo ndiye aliyeshika futi. Alipima wateja mabega na viuno, akapima kiti, paka na mlango. Alinipima hata mimi kichwa akatangaza namba kubwa mno, nikauliza hicho ni kichwa au tenga. Mama kutoka kwenye cherehani anasema "safi", anatoa nne zake kimyakimya, anaendelea.

Nilimwambia, mama, mweleze mtoto hizo nne. Akasema ataelezwa baadaye, asichanganywe sasa, kwanza azizoee namba. Nikaona ana hoja. Mambo ya kufundisha yalikuwa yake, yangu yalikuwa nywele.

Siku ya mtihani mvua ilinyesha tangu asubuhi, chumba cha kushonea kikawa na giza la kukera. Shemeji alikuja amelowa, akaweka mfuko wake wa vifaa mlangoni. Kifungo alimsomea vikaratasi vyote vya nguo bila kukwama hata kimoja. Alihesabu vifungo, akavigawa mafungu. Nilimwona baba yake uso unalegea, nikajisemea, haya, tumepona, mtoto wetu huyu.

Ndipo akatoa futi yake ya chuma, ile inayojikunja yenyewe, akampa. Akamwambia apime meza ya bibi.

Kifungo aliivuta futi, akaipitia namba moja moja kwa kidole, akaipata nne, akaibana nne kwenye ukingo wa meza kwa uangalifu wa fundi mzoefu. Akaenda hadi mwisho wa meza, akasoma namba. Aliisoma vizuri sana. Ila ilikuwa imezidi inchi nne.

"Mbona hukuanzia mwanzo?" baba yake akamuuliza.

Kifungo akamwonyesha nne. "Mwanzo si huu hapa?"

Nilifungua mdomo. Lilikuwa jambo la kueleza kwa pumzi moja: ile futi yetu imekatwa, basi. Kabla sijatoa neno nilihisi mguu wa mama umenikanyaga chini ya meza, na umenikanyaga kweli. Shemeji alipima mwenyewe, akapima tena. Hakukasirika. Alisema tu kwamba akipima hivi, kabati halitaingia mlangoni. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, ndivyo ulivyomfundisha?"

"Ndivyo," mama akasema.

Naapa, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mama yangu kwa neno lile. Futi ya kitambaa ilikuwa pale pale, inaning'inia shingoni mwake, ncha iliyokatwa iko kifuani. Angeivua tu akaionyesha. Mkanyago ule ulikuwa amri, nami ni mtu mzima ila mama ni mama. Nikanyamaza, machozi yakanitoka kwa hasira.

Shemeji akalala kwa jamaa yake, akarudi asubuhi kumchukua. Nilipanga nguo za mtoto kwenye begi huku nazisokomeza kama zina kosa. Nikamtafuta mwenyewe, nikamkuta chumba cha kushonea, amekaa chini, kimto cha sindano kiko mapajani. Alikuwa anatunga sindano. Zote. Nyeusi, nyeupe, ya bluu, ya kijani, kila moja na uzi wake mrefu umefungwa fundo mwishoni. Nilimwambia kwa ukali baba yake anangoja, huu ni wakati wa michezo kweli?

"Namwachia Bibi," akasema, bila kuinua kichwa. "Akicheza peke yake asishindwe."

Sikuelewa. Nilikuwa nimejaa hasira hadi masikioni. Alimaliza ya mwisho, nyekundu, akaichomeka katikati ya kimto, akaenda kumuaga bibi yake. Mama alimshika uso kwa mikono yote miwili, akampapasa paji, pua na kidevu, kwa muda mrefu, hadi shemeji akaangalia pembeni.

Saluni sikwenda. Mchana nilimfuata mama kwenye cherehani nikamwaga yote. Nilimwambia amemuuza mtoto wa dada kwa kunyamaza, kwamba dada angekuwa hai angemlaani. Sijutii kusema, lilikuwa moyoni. Alichomoa kikaratasi kwenye nguo iliyokuwa mbele yake akanipa, akaniambia nimsomee. Nikamsomea, kwa jeuri, nikamuuliza kwani yeye hajui kusoma.

"Sioni, Pilipili," akasema. "Siku nyingi sioni. Namba za futi nazikumbuka tu, nazihesabu kwa vidole. Tundu la sindano sijaliona tangu dada yako anaumwa."

Nilikaa chini. Mchezo wa tundu ukanirudia, na wa tarishi, na wa futi, kila mmoja mahali pake.

"Nilianza ili ajifunze," mama akasema. "Na amejifunza, hilo usinivue. Lakini nikaona sasa mimi ndiye ninayemhitaji. Leo ananitungia sindano, kesho ananipikia, keshokutwa ananishika mkono barabarani wenzake wako darasani. Mama yake hakunizalia mkongojo."

"Ungemwambia shemeji."

"Angenihurumia, angemwacha."

Nje mtu aliita hodi, mteja wa pindo la suruali, na mama akasimama akavaa futi shingoni, akapapasa kimto, akachagua sindano kwa mkono. Akaniuliza hiyo ni nyeusi? Nikamwambia ndiyo. Akashona.

Hivyo ndivyo tunavyoishi sasa. Jioni nikitoka saluni namsomea vikaratasi, nampimia wateja waliomngoja, natunga sindano nyingine, ingawa anasema natunga kama ninayekimbizwa. Kifungo akipiga simu anamuuliza bibi yake kama ameshinda, na mama anamwambia ameshinda. Zile sindano alizoziacha zimeisha uzi moja moja, pindo hili, kifungo kile. Imebaki ile nyekundu, katikati ya kimto, mama huipapasa akaiacha.

Juzi alikuja msichana na gauni jekundu, vifungo vimeng'oka mgongoni, kazi ya dakika chache. Mama alilishika gauni, akaniuliza rangi, nikamwambia. Akakaa nalo mapajani kidogo, kisha akamrudishia, akamwambia uzi mwekundu umeisha.