Alama za Binti Zimepanda

Mshauri alijumlisha alama, akazirudia kwa kikokotoo, na jibu likabaki lile lile la kumtoa jasho. Binti huyu alipoletwa kliniki alikuwa hali chakula, hatoki chumbani, hasemi na mtu. Sasa anakula, amerudi shule, na juzi amegombana na kaka yake wakigombea rimoti, ugomvi ambao mshauri aliusikia kwa furaha isiyo na kifani. Lakini dodoso la hali ya moyo, lililojazwa siku ya kwanza na tena leo, lilikuwa na habari zake. Alama zikipanda, hali ni mbaya, na za binti zilikuwa zimepanda mno.

Dodoso lenyewe lilitungwa na wataalamu wa mbali, likatafsiriwa na wataalamu wengine, likapigwa mihuri. Nani angethubutu kulibishia? Mshauri alilitazama tu kama aliyepotea njia.

Mama mtu, aliyeitwa ndani kusomewa matokeo, hakuhitaji kikokotoo.

"Kwa hesabu zenu, niliwaletea mtoto ana nafuu, mnanirudishia mgonjwa? Dada, mnamtibu au mnamuumiza? Leo ndiyo mwisho. Namchukua mwanangu."

Mshauri aliogopa, na aliogopa kwelikweli: tiba ikikatizwa sasa, binti atarudi kulekule chumbani. Ila angebishaje na hesabu aliyoipiga mwenyewe? Mwishowe akaona heri aulize kuliko kujifanya anajua, akamgeukia binti aliyeketi kando ya mama yake.

"Mdogo wangu, mbona siku ya kwanza ulisema huna tatizo karibu kila mahali?"

Binti akamshangaa. "Dada, siku ile si ndiyo kwanza tulionana? Ulinisalimia, nikasema nzuri. Ukauliza kama nalala, nikasema nalala vizuri. Mtu humjui, tena mama yupo hapo pembeni, utaanza kumwaga matatizo? Hiyo si adabu. Leo nimejaza peke yangu, na wewe nimeshakuzoea."

Mshauri akajiona mjinga wa mwisho. Asubuhi ile ile, jino likimuuma nusura alie, mlinzi wa kliniki alimuuliza hali naye akajibu, "Safi kabisa!"

Mama mtu hakuona cha kuchekesha. Aliyavuta madodoso yote mawili, akaweka kidole kwenye swali la kutamani kutokuwepo duniani. Siku ya kwanza: hata kidogo. Leo: mara chache.

"Na hili nalo ulijibu kwa adabu?"

"Ndiyo, mama."

"Ukweli ulikuwa upi?"

Binti akainamisha kichwa. "Kila siku."

Mama alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, macho yamemjaa machozi, kisha akachukua mkoba wake na kusimama. Mshauri akajua ndiyo wanaondoka. Lakini mama alikwenda mlangoni peke yake.

"Endeleeni," alisema, sauti ikimkatika. "Kama yapo mengine, ayaseme. Mimi nitasubiri nje."